Namba ya Zamani kwenye Mashine

"Humpi mama dawa!" Wifi alinifokea sebuleni, mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali mama. "Majibu ya maabara yanakuumbua!"

Mama mkwe ana vali ya bandia moyoni, mlango wa kupitishia damu, na bila vidonge vya kuzuia damu kuganda, vali hiyo inaweza kuziba. Kila jioni nilimpa kwa mkono wangu, nikasubiri ameze. Lakini hospitali ilisema damu yake inaganda upesi mno. Daktari akaongeza dozi, kisha akaongeza tena. Mume wangu hakunitetea hata mara moja.

Asubuhi moja nikamkuta mama anavuja damu kwenye fizi, mikono imejaa madoa meusi. Sikumngoja mtu. Nilimkimbiza kituo kingine cha afya. Walipompima wakashtuka: damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Wakamlaza papo hapo, wakasimamisha vidonge, wakampa vitamini K ya kusaidia damu kuganda.

Alipotulia, nikaenda hospitali ya kwanza, moja kwa moja hadi kwa mkuu wa maabara.

"Mashine yenu imenifanya mwongo nyumbani kwangu," nikamwambia. "Ikague mbele yangu."

Akaikagua, uso ukamshuka. Kila toleo la kemikali ya kupimia lina nguvu yake, akaeleza, na kiwanda hulipatia toleo hilo namba inayoingizwa kwenye mashine ili majibu ya maabara zote yalingane. Wao walikuwa wameanza kutumia toleo jipya, dhaifu zaidi katika kutambua damu nyepesi, na namba ya zamani wakaiacha palepale; ndiyo maana mashine ikasema damu ya mama inaganda upesi.

"Ni hitilafu ndogo tu, dada."

"Ndogo? Mtu mzima anavuja damu, wewe unasema ndogo! Na wengine mliowapima?"

Niliketi ofisini mwake, sibanduki, mpaka alipoanza kuwapigia simu mmoja mmoja warudi kupimwa upya.

Mama alipopata nafuu tukarudi naye nyumbani, nikawaeleza wote kosa la mashine. Wifi akanifuata jikoni, akanong'ona, "Yaishe, wifi yangu."

"Ulinitukana mbele ya watu, sasa unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Akatoka amenuna. Mume wangu akachungulia mlangoni, akasema nimezidi. Nilimkazia macho mpaka na yeye akaondoka, nikaendelea kumpikia mama.