Sanduku la Musembi

Kiwandani kwetu Athi River tulitengeneza magunia, na mwaka 2004 meneja wetu, Gatimu, akaamua hataki tena karatasi. Nikamfungia seva, mashine ya kupokea na kugawa barua pepe, katika chumba kilichokuwa cha mafagio, kila mtu akawa anafungua zake kwenye kompyuta yoyote kiwandani. Siku ya kwanza alinisainisha kwamba nitakachokiona kitabaki humo. Nikasaini huku nikicheka, mjinga mimi.

Barua iliyokosa mwenyewe ilirudi kwangu. Ndivyo nilivyopanga. Jumatatu ikarudi moja ya Gatimu, imeandikiwa Musembi, mtunza stoo, ambaye sikuwa nimemfungulia sanduku la barua pepe bado. Niliisoma kabla sijajizuia. Baada ya miaka kumi na tisa, kazi ya Musembi ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi.

Basi nikaacha kumfungulia. Nilijidanganya kwamba barua isiyofika haijamfukuza mtu.

Lakini hakuna aliyelitaka sanduku kama Musembi. Binti yake Munyiva alikuwa anasoma India, na simu za huko zilikuwa ghali. Kila asubuhi alisimama mlangoni pangu.

"Nzomo, yangu bado? Hata askari wa geti ako na yake."

"Mashine inasumbua, mzee."

"Inasumbua mimi peke yangu?"

Nilitazama viatu vyake. Nikisema, nafukuzwa pamoja naye, maana msomaji wa barua za watu alikuwa mmoja tu. Nikinyamaza, namdanganya mtu aliyenitafutia kazi hii. Chumba kile hakikuwa na dirisha, na wiki ile nilikichukia.

Ijumaa akachoka na uongo wangu, akaenda kunishtaki. Alirudi na Gatimu.

"Mfungulie sasa hivi," Gatimu akasema, bila kumtazama Musembi. "Na zile zilizorudi, tuma tena."

Ilinichukua dakika mbili kumfungulia na kuituma tena ile moja. Gatimu akaondoka. Musembi akakalia kiti changu, akatoa miwani mfukoni, akaanza kuipangusa kwa shati. Kabla hajaivaa, aliona mstari mmoja mweusi kwenye kioo cha kompyuta.

"Iko moja tayari," akasema, akicheka. "Munyiva huyo. Jana nilimpa anwani kwa simu, niliikisia nikiangalia zenu. Na wewe ulikuwa unaninyima."

"Mzee..." nikasema.

"Wacha, nimekusamehe. Nionyeshe tu pa kubonyeza."

Nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukabonyeza pamoja.