Moto Mmoja Alioukosa

Katibu wa kikosi cha wazimamoto wa kujitolea alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma mahudhurio. Alisoma kwamba Ndoo alinoa misumeno katika kiwanda cha mbao kwa miaka thelathini na mmoja, kwamba vidole viwili vya mkono wa kushoto aliviacha hukohuko na kesho yake akarudi kuviulizia. Watu wakacheka kidogo. Alisoma kwamba jina la Ndoo alilipata kabla kikosi hakijawa na pampu, siku shule ilipowaka naye akabeba ndoo za maji kutoka mtoni, mbili mbili, mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye vishikio. Kisha akashusha karatasi, akaongeza la moyoni mwake: katika miaka ishirini na sita aliyoitwa kuzima moto marehemu alikosa mmoja tu, na hilo la pombe wamwachie Mungu, maana binadamu si malaika.

Mke wa marehemu alikuwa kwenye benchi la mbele, mikono mapajani. Mumewe hakuwahi kuonja pombe. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza.

Aligeuza shingo kuangalia kama Mchomeleaji amekuja. Hakuja.

Zamani Ndoo na Mchomeleaji walikuwa chanda na pete. Walitaniana kwamba mmoja kazi yake ni kukata na mwingine kuunganisha, basi wakigombana kijiji kitakosa hata kiti cha kukalia. Mchomeleaji ndiye aliyeunda gari la pampu, tangi juu ya magurudumu mawili, la kuvutwa na trekta. Akalijengea na banda la chuma, akalitilia kufuli alilolitengeneza kwa mkono wake, kwa sababu wezi walikuwa wakinyonya mafuta ya pampu. Ufunguo ulikuwa mmoja. Alikabidhiwa Ndoo, ambaye nyumba yake ilitazamana na banda, na ambaye kila mtu alijua hatoki kijijini.

Ukaja mwaka wa ukame. Nyika iliungua mara nne katika wiki mbili, na Ndoo aliporudi kutoka moto wa nne alikohoa damu kwenye beseni. Tabibu wa zahanati alimpa dawa, kisha akamwita mkewe pembeni, akamwambia mapafu yale yamechakaa kama kitambaa cha kufutia masizi. Akivuta moshi tena mwezi ule, asije kumlaumu mtu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Ndoo amelala fofofo kwa nguvu ya dawa, simu yake ikaita. Mkewe akaipokea. Alikuwa katibu. Cheche imeruka kwa Mchomeleaji, karakana inawaka na nyumba imeshika, Ndoo alete ufunguo upesi.

"Hayupo," alisema. "Ameenda mjini. Na ufunguo ameondoka nao."

Hakupanga kusema hivyo. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. Alijiambia nyumba ile ni ya matofali na watu ni wengi, watazima kwa ndoo kama zamani. Alisahau kwamba katika chumba cha nyuma mama yake Mchomeleaji alikuwa amelala mwaka wa pili kwa kiharusi. Au hakusahau. Swali hilo alijiuliza miaka tisa, na hakuwahi kulipatia jibu.

Vifaa vya kukatia chuma vilikuwa ndani ya karakana inayowaka, kwa hiyo Mchomeleaji alibaki kuligonga kwa nyundo kufuli lake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa fundi mzuri, kufuli lilikataa. Nusu saa ilipita. Ndoo aliamshwa na harufu. Alitoka mbio na soksi, akampita mkewe mlangoni, akaiona simu mkononi mwake. Hakuuliza. Alipofungua banda, yule bibi alikuwa ameshafariki.

Jioni, watu wamesimama kwenye majivu, katibu alimuuliza mbele ya wote alikuwa wapi. Mkewe alifungua mdomo. Ndoo akawahi.

"Nilikuwa nimelewa," alisema. "Nilimwambia huyu aseme nimeenda mjini."

Mchomeleaji alimtemea mate miguuni. Ndoo akasimama palepale, macho chini.

Usiku ule mkewe alilia, akasema kesho atakwenda kusema ukweli. Ndoo alimjibu taratibu, akivua soksi zilizotoboka. "Mimi nashinda kwenye kelele za misumeno, wanayosema sitayasikia. Wewe utateka maji na nani?" Akasema wasizungumze tena habari hiyo, na hawakuzungumza. Mkewe, kusema kweli, alishukuru. Hilo ndilo lililomla zaidi.

Ufunguo alinyang'anywa. Waliendelea kumwita kuosha mipira ya maji moto ukishazimwa, akaiosha. Miaka tisa alipata, ile ambayo kwa maneno ya tabibu moshi ungemnyang'anya, na yote tisa aliiishi kama mtu anayekaa kwenye nyumba ya kuazima. Mwisho mapafu yakamchukua vilevile, polepole, mkewe amemshika mgongo.

Siku moja baada ya mazishi mjane alikwenda karakana. Mchomeleaji alikuwa akiunga geti. Alizima mashine, akainua miwani. Zamani alimwita shemeji.

"Nikusaidie nini, mama?"

Akamwambia yote akiwa amesimama: simu, dawa, uongo. Alijiandaa kutukanwa, hata kupigwa.

"Yeye alijua?" Mchomeleaji aliuliza.

"Tangu siku ileile."

Mchomeleaji alikaa juu ya chuma ambacho bila shaka kilikuwa bado cha moto, wala hakushtuka. "Kila asubuhi akienda kazini alinisalimia," alisema. "Miaka tisa. Sikumwitikia hata mara moja. Ungeniambia akiwa hai."

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo sina wa kupoteza."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu aliyemjua zamani, asimwone. Kisha akamwambia arudi nyumbani. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe.

Jioni katibu alibisha hodi. Mchomeleaji alikuwa amempitia na kumweleza. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini, akasema wamezungumza wachache na wameona mambo yaachwe yalivyo. Ndoo alikwisha kusamehewa ulevi wake. Wasifu umesomwa, kaburi limefungwa. Wakianza kufukua, watu watauliza nani mwingine alidanganya, na kikosi tayari hakipati vijana. Mjane aliomba walau lile neno la pombe, lililoandikwa kwenye daftari la kikosi siku ya moto, lifutwe. Katibu alisema ataliangalia, akiwa ameshasimama.

Alipoondoka, binti wa marehemu, aliyekuwa nyuma akiosha vyombo vya wafiwa, alitokeza na mikono imejaa povu, akauliza mgeni alikuwa na lipi.

"Amekuja kutoa pole," mama yake alimjibu.