Mgao wa Saa Kumi na Moja

Mimi riziki yangu naipata kwenye woga wa watu. Nafunga mageti ya umeme, ving'ora na nyaya za kupiga shoti juu ya kuta, na katika Johannesburg hii sijawahi kukaa wiki nzima bila kazi. Kwa hiyo mke wangu Hlengiwe aliponiambia kwamba Desemba tunakwenda kupumzika baharini, kwenye nyumba ya kupanga kule kusini ya Durban, sikuuliza bahari ikoje. Niliuliza ukuta una urefu gani.

"Mfaniseni," akasema, "ukuta upo, geti lipo, na mbwa wa jirani yupo. Utapakia mizigo, au nimpigie kaka yangu aje atupeleke?"

Nikapakia. Anajua vizuri nisivyomwamini kaka yake kwenye usukani.

Mwenye safari hasa alikuwa mama yangu, MaKhumalo. Ana miaka sabini na moja na alikuwa hajawahi kuiona bahari ila kwenye televisheni. Februari alikuwa anakwenda kuwekewa goti la bandia, na daktari alishamwambia kwamba baada ya hapo asahau mambo ya kusimama kwenye mawimbi. Basi alitaka jambo moja tu kabla ya kisu: aingie baharini kwa miguu yake na achote maji kwa mkono wake. Mtaa mzima ulimletea chupa. Kwetu bara mtu akienda baharini haombwi picha, anaombwa maji, ya kunyunyiza nyumbani, ya kuogea, ya kupiga funda moja usafishe tumbo. Zilikuwa chupa kumi na moja za lita mbili, kila moja ina jina la mwenyewe kwenye plasta. Alizipakata kutoka kwetu Vosloorus mpaka pwani, saa saba za barabara, hataki ziwekwe nyuma na mizigo.

"Unaogopa zitaibiwa, na ziko tupu?" nikamtania.

"Kwako wewe kila kitu kinaibiwa," akanijibu, macho dirishani.

Nieleze kwa nini niko hivi. Miaka mitatu nyuma, umeme ukiwa umekatika, wanaume watatu waliingia kwangu. Kwangu mimi, fundi wa mageti! Betri ya geti langu ilikuwa imekufa, na nilikuwa nakimbizana na mageti ya wateja huku la nyumbani nikilipiga kalenda. Walimkuta Mama peke yake. Wakamfunga mikono kwa waya wa pasi, wakabeba walichobeba, wakaenda zao. Hawakumpiga. Nilimkuta ameketi kitandani anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo, mikono imefungwa mapajani. Tangu siku ile mimi kichwa hakijakaa sawa, sikatai.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa juu ya kilima, na bahari yote iko chini yake, kubwa na ya bluu, nzuri mpaka inakera. Wapangaji wa nyumba nyingine walikuwa wanashuka na miavuli na watoto wao. Mimi nilikuwa nakagua geti. Betri imekufa, kama nilivyojua. Na mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali, mara tatu au nne kwa siku, kila mara saa mbili na nusu. Nikaenda kununua mnyororo na kufuli, nikalifunga geti kubwa, ufunguo nikauvaa shingoni kwa uzi. Nyaya za juu ya ukuta zilikuwa zimelegea, nikazikaza zote, nikazipima, zikaitika. Jasho lilinitoka siku ya kwanza ya mapumziko kuliko siku yoyote ya kazi.

Halafu nikatangaza sheria. Hakuna kutoka bila mimi. Wakati wa mgao hakuna kutoka kabisa.

"Na umeme ukiwepo?" akauliza Hlengiwe.

"Ukiwepo tutachaji taa na simu, tupike, halafu tuone."

"Tuone nini, Baba Nokwazi? Bahari ile pale, tunaiona tangu jana."

Siku ya pili ikapita hivyo, na ya tatu. Kila mara Mama aliuliza kama tunashuka, nami nikasema kesho. Nilikuwa namaanisha kesho kweli, ila kila kesho ilikuja na jambo lake: gari nisilolijua limeegeshwa barabarani, vijana wawili wanapita wanaangalia ndani, mawimbi makubwa. Mama alikaa barazani, mguu mbovu juu ya kiti, chupa zake zimepangwa ukutani.

"Nimeacha kuangalia ukuta wetu," akasema, "nimekuja kuangalia ukuta wa watu."

Hakugomba zaidi ya hapo, na hilo lilipaswa kunishtua, maana Mama si mtu wa kunyamaza. Jioni ya siku ya tatu nilimsikia akimuuliza binti yangu Nokwazi, ambaye ana miaka kumi na minne na simu haimtoki mkononi, "Mjukuu wangu, hebu nisomee. Kesho asubuhi umeme unakatika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Gogo," Nokwazi akamjibu bibi yake. "Unarudi saa moja na nusu."

"Na kutwa?"

"Tena saa nane mchana."

"Haya, asante, mama." Nikadhani anapanga chai yake.

Feni iliponyamaza alfajiri nikajua ni saa kumi na moja. Nikageuka upande wa pili. Usingizi ukanichukua tena, na nilipofumbua macho jua la Desemba lilikuwa limeshatanda chumbani. Nikaamka kukagua, kama kawaida yangu. Kitanda cha Mama kilikuwa kimetandikwa vizuri. Fimbo yake haipo. Barazani hakuna hata chupa moja.

Nilimwita Hlengiwe kwa sauti ambayo mwenyewe sikuijua. Tukaangalia bafuni, jikoni, nyuma ya nyumba, tukamwita. Geti kubwa lilikuwa na mnyororo wake na kufuli lake, halijaguswa.

"Amepita wapi?" nikawa nauliza. "Amepita wapi? Mtu wa goti moja hapandi ukuta!"

"Usinipigie kelele mimi. Mpigie simu."

"Simu yake iko mezani. Na hata mtandao hakuna."

Nikaushika ufunguo shingoni nifungue kufuli. Nikauchomeka mara tatu, haukuingia. Nimefungua makufuli elfu maishani, hili moja likanishinda, nikaanza kulitukana. Nokwazi alikuwa amesimama pembeni na nguo za kulalia.

"Baba," akasema, "si upite geti dogo?"

Geti dogo la waenda kwa miguu, hatua tano kutoka pale, lilikuwa limeegeshwa tu. Nikaona aibu inanipanda mpaka masikioni. Geti lile halina kitasa. Linashikwa na sumaku, sumaku inashikwa na umeme, na umeme ukienda na betri ikiwa imekufa, mtoto analisukuma kwa kidole. Kila fundi anajua. Miaka ishirini na mbili nawaeleza wateja jambo hilo, na jioni nikirudi naliongea tena mezani, Mama akinisikiliza na sahani yake mapajani. Nilikuwa nimeufunga mlango wa tembo, nikasahau wa mbuzi. Yeye hakusahau. Aliungoja mgao kama mtu anayengoja basi.

Tukatoka mbio. Njia ya kushukia inapita kwenye vichaka, ina ngazi za magogo zilizooza, na mimi nilikuwa nimeshaikagua nikaiandika kichwani kuwa mahali pa kuvamiwa. Katikati ya ngazi niliona chupa imelala kwenye majani. Plasta yake imeandikwa MAMA MABASO, ya jirani yetu wa mkono wa kulia. Nilimwona Mama amefungwa tena kwa waya. Nikamwona majini, uso chini. Niliomba, mimi nisiyeingia kanisani ila kwenye harusi. Nilisema, Mungu, nirudishie tu, nitampeleka popote anapotaka.

Kisha vichaka vikaisha, nikaona watu.

Walikuwa kama sitini. Basi zima la wanawake wa kanisa kutoka Ladysmith lilikuwa limefika alfajiri, na wote walikuwa ufukweni na chupa zao, na madumu, na ndoo. Wengine wamejifunga mablanketi, wengine wameingia na sketi zao mpaka kiunoni wanapiga mayowe kila wimbi linapokuja. Na katikati yao, maji yakiwa kifuani, ameshikwa mkono huku na huku na wanawake wanene wasiotikisika, alikuwepo MaKhumalo, kilemba kimemwanguka, anacheka kwa kinywa chote.

Niliingia baharini na viatu. Wimbi la kwanza likanipiga kifuani, la pili likanilaza, nikanywa maji ya kutosha kusafisha tumbo la ukoo mzima. Niliponyanyuka nilikuwa nimemshika Mama mabegani, nalia wazi wazi, na wala sikujali nani ananiona.

"Huyu ndiye yule mwanao wa makufuli, Mntungwa?" akauliza mmoja wa wale wanawake, MaSokhulu jina lake, akimwita Mama kwa jina la sifa la ukoo wake, bila kuuachia mkono wake.

"Ndiye. Msamehe, hajanywa chai."

"Mama, ungezama! Ungekutana na watu wabaya njiani!"

"Nimekutana na watu. Hawa hapa. Walinikuta kwenye zile ngazi nimekaa, goti limegoma. Wakanibeba." Akanifuta uso kwa kiganja chenye chumvi. "Sikiliza, Mfaniseni. Wale wezi walinifunga saa moja. Wewe umenifunga miaka mitatu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejibu. Nilisimama mle majini nimemshika, na nikajisikia mwepesi kama mtu aliyeshushiwa gunia la saruji mgongoni. Alikuwa mzima. Alikuwa mzima, mwenye baridi, na mwenye furaha kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nisamehe, Ma," nikasema.

"Nimekusamehe. Shika chupa hii, uikinge wimbi likija, siyo likirudi. Umetoa kitu?"

Kwetu huchoti bahari bure. Unaanza kuipa kitu kinachong'aa, sarafu au shanga, unaomba, ndipo unachota. Nikajipapasa mifuko, hamna hata senti. Ndipo nikajipapasa na shingo. Uzi umekatika, ufunguo wa kufuli hauko. Wimbi lilikuwa limeondoka nao.

MaSokhulu akapiga kofi la furaha. "Ameshatoa! Chota, mwanangu, imekubali."

Tulijaza zote kumi na moja, pamoja na ile ya Mama Mabaso aliyoikimbilia Nokwazi kwenye ngazi. Hlengiwe, aliyekuwa amekuja anatukana njia nzima, sasa alikuwa amelowa mpaka nywele na anarushiana maji na wanawake asiowajua. Tukapewa skonzi na kinywaji cha tangawizi cha Krismasi kutoka kwenye ndoo yao, tukala tumekaa mchangani. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi kwa nia mbaya. Vijana wawili walipita, walewale niliowaona siku ya pili, wakatusalimia kwa heshima, wakamsaidia Mama kupanda ngazi, mimi nikibeba maji nyuma yao nahema.

Tulipofika juu geti dogo lilikuwa limefungwa. Nikalisukuma. Halikutikisika. Nikasikia feni ya jirani inazunguka, na redio yake inaimba. Saa moja na nusu ilikuwa imepita, umeme umerudi, na sumaku imekamata kwa nguvu zake zote.

"Nani alitoka mwisho?" nikauliza polepole.

"Mimi," akasema Nokwazi. "Na nikalivuta nyuma yangu, Baba. Si ulisema geti haliachwi wazi?"

Rimoti ilikuwa ndani. Simu zote ndani. Vifaa vyangu vilikuwa ndani ya gari, na gari ndani ya uzio. Ufunguo wa mnyororo bahari ilikuwa nao. Ukuta ulikuwa na nyaya nilizozikaza kwa mikono yangu, nikazipima, zikaitika. Barazani, mezani petu, tumbili wanne walikuwa wanamega mkate wetu bila haraka, wakituangalia kupitia nondo. Hlengiwe alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini barabarani.

"Kazi nzuri, fundi," akasema. "Hapo mtu haingii."

Mama aliegemea ukuta, akazihesabu chupa zake kwa macho, akaridhika. Kisha akanigeukia.

"Mgao mwingine saa ngapi?"

"Saa nane mchana, Ma."

"Basi nipe mkono," akasema, "turudi baharini tuungoje."