Nyumba ya Vibendera

Nawasimulia ndoto hii kama nilivyoiota. Msomi akitaka kuicheka lugha yangu, na acheke, maana mimi shule niliiachia darasa la nne na kazi yangu ni kushona na kuvika makochi. Ilikuwa Jumamosi mchana, siku iliyonichosha roho kuliko mikono. Asubuhi Dada Mkamburi wa kanisani, anayewasimamia wazazi wanaosomeshea watoto wao nyumbani, alikuwa ameniletea mifano ya vitabu vya mitaala mitatu, akaipanga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa na kusema, "Baba Mghoi, vyote ni vya Kikristo. Soma taratibu, jioni nitapita unipe jibu." Nikamwambia miwani yangu imevunjika. Akanipa pole. Binti yangu Mghoi, aliyekuwa ameketi kwenye gunia la sponji, akainamisha kichwa, kwa sababu anajua vizuri kwamba sijawahi kuwa na miwani.

Mtaniuliza kwa nini nilimtoa mtoto shuleni, na jibu langu nimekuwa nalo mdomoni mwaka mzima. Wakubwa wamekaa kwenye viti vyao vya kuzunguka wakabadilisha masomo bila kumwuliza mtu, wakaamuru kazi ya mwalimu ifanywe na mzazi: kila jioni mtoto anarudi na karatasi, na mzazi asome naye maagizo. Marehemu mke wangu Wakio alikuwa akisoma naye. Wakio alipofariki, katika hospitali yenye jengo jipya na kabati la dawa tupu, karatasi za Mghoi zikaanza kurudi shuleni kama zilivyotoka. Nikaitwa. Mwalimu, kijana mdogo, akanisukumia karatasi moja mbele ya wenzake na kusema, "Mzee, hebu someni hii na mtoto sasa hivi, tuone tatizo liko wapi." Nikasimama nikawaambia shule yao haina Mungu, nikamshika Mghoi mkono tukaondoka. Kanisani walinisifu kwa msimamo.

Basi siku hiyo nilikuwa nimevigeuza vile vitabu hata mikono ikaloa jasho, nikitazama picha. Kimoja kilikuwa cha mzazi na mtoto kusoma pamoja kwa sauti, kupokezana ukurasa; Dada Mkamburi alikuwa amenieleza hivyo, nami nikamjibu kwamba hicho ni cha watu wasio na kazi. Nikajinyoosha kwenye kochi la mchungaji, ambalo ndilo kwanza nilikuwa nimemaliza kulivika kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, nikijiambia wakubwa nao wavumilie jasho langu kidogo, na usingizi ukanichukua.

Nikajikuta nimesimama katika nchi isiyo na jua wala giza, yenye mwanga kama ule unaopita kwenye turubai, na barabara yake ilikuwa laini chini ya nyayo kana kwamba imejazwa sponji, hata kila hatua niliyopiga ilizama na kunirudisha nyuma kidogo. Pande zote mbili kulikuwa na maduka marefu yaliyojaa vitabu toka chini hadi nisipoona. Akanijia mtu mnene, mchangamfu, amevaa koti la harusi, na kidole chake cha shahada kilikuwa kirefu kama rula ya fundi. Akanikumbatia.

"Karibu nyumbani," akasema. "Mimi ni Lawama. Usijifanye mgeni, ndugu yangu, kitanda chako kipo na shuka lako limefuliwa."

"Natafuta mtaala wa kumfaa mwanangu," nikasema. "Sisi ni watu wa Mungu."

"Hapa kila mtu ni wa Mungu. Wabaya wako kule." Akanyoosha kidole kile upande wa mbali, na tulipoanza kutembea alikitanguliza mbele kama kurunzi. Nyuma yetu nilisikia ndara zikipiga chini, mtu akitufuata bila haraka, lakini Lawama aliniambia nisigeuke, ni mwombaji tu.

Duka la kwanza lilikuwa la Bi Hofu, mwanamke mwembamba aliyevaa makoti mawili ilhali kulikuwa na joto. Vitabu vyake vilifungwa kwa makomeo, na kila palipokuwa na picha ya dirisha ndani yake, dirisha lilikuwa limepakwa wino mweusi. "Baba, chukua hiki," akaninong'oneza. "Mtoto wako hataona jirani mbaya, hatasikia neno chafu, hatajua hata kama duniani kuna watu wengine."

"Sasa atamwona nani?"

"Si atakuona wewe? Mchana kutwa."

Nikakirudisha kitabu upesi, nikasema makomeo yake yana kutu. Lawama akacheka mpaka vifungo vya koti vikalia. Duka la pili lilikuwa la Bwana Sifa, na vitabu vyake vilikuwa vikubwa kama milango, vyenye picha za watoto wakicheza kwenye theluji, na mtoto hakuweza kukifungua kimoja ila kwa kupanda ngazi. Sifa hakuniambia mtoto atajifunza nini. Aliniambia wageni wakija wataviona sebuleni. Nilivitamani, nisiseme uongo. Nilijiona tayari nikisimama mbele ya yule mwalimu kijana nikiwa na mlango mmoja kwapani. Lakini Sifa akaongeza, "Mzazi anasoma utangulizi kwanza," nikakumbuka nina haraka.

"Nimekuelewa," Lawama akasema, sauti yake sasa imekuwa ya upole. "Twende kwa rafiki yangu."

Akanipeleka kwenye nyumba ndefu, safi, yenye mapazia mazito kila mahali, mapazia yaliyoshonwa vizuri hata mimi fundi nikayashika upindo nikakubali kazi. Mwenye nyumba alikuja kwa viatu vya kitambaa visivyotoa sauti. Alijua jina langu. Alijua hata jina nililoitwa darasa la nne, siku ile niliposimamishwa kusoma mbele ya watoto nikashindwa, na hakulitamka. Alilizunguka tu kwa heshima, kama mtu anavyozunguka kidonda. Jina lake lilikuwa Aibu.

"Kwangu mzazi hasumbuliwi," akasema. "Kila mtoto ana kibanda chake cha mbao, ana vijitabu vyake, anajisomea, anajisahihisha. Akikwama, ana kibendera. Anakiinua."

"Ni masomo ya Kikristo?"

"Kila ukurasa una andiko chini."

Nikafurahi kama mtu aliyetua mzigo. Nikasema huu ndio wenyewe, huu ndio mtaala ambao Mungu alikuwa ameniwekea, na nilisema kwa sauti kubwa ili yule wa ndara nyuma yangu asikie. Aibu akaniwekea ufunguo mkononi, akafungua pazia la mwisho.

Ndani kulikuwa na vibanda safu kwa safu mpaka macho yakachoka, na juu ya kila kibanda kulikuwa na kibendera kimeinuliwa. Hapakuwa na upepo. Vilisimama tu, vingine vimefifia rangi, vingine buibui wameshatanda utando kati yavyo na mbao, na chini ya kila kimoja kulikuwa na mkono mdogo. Katika kibanda cha karibu na mlango alikaa Mghoi. Mkono wake wa kuume ulikuwa umechoka, akaushikilia kwa wa kushoto ili kibendera kisianguke. Hakulia wala hakuita. Alitazama mbele kwenye ubao wa kibanda, ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Nani amefanya hivi?" nikamwuliza Lawama. "Nionyeshe."

Akanyoosha kidole kwa yule mwalimu. Nikasema naam. Akakinyoosha kwa wakubwa wa viti vya kuzunguka, kwa daktari, kwa mchungaji aliyekuja kuzika kisha asirudi kutuona, hata kwa Dada Mkamburi. Kila mara nilisema naam, na kila mara nilipogeuka, mkono wa Mghoi ulikuwa umeshuka kidogo. "Endelea," nikamwambia. Lawama akajifuta jasho kwa mkia wa koti. "Ndugu yangu, nimewamaliza," akasema. "Siku hizi kazi hii ni ngumu." Akaaga, akaenda zake.

Hapo mwenye ndara akanifikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, leso moja kiunoni, miguu imejaa vumbi la njia ile ile niliyopita mimi. Nikamwuliza kama ni mwombaji.

"Mimi ni Kweli," akasema. "Na kuomba nimekuomba, tangu kule barabarani, unigeukie. Umeuliza kila duka kama kitabu ni cha Kikristo. Hakuna duka ulilouliza ni nani atakaa na mtoto. Mungu alipotaka kutufundisha, baba, hakutuma karatasi akabaki juu. Alikuja akakaa nasi, akala nasi, akachoka nasi. Vitabu vizuri viko vingi na vingine vina kasoro. Utavipima, ni haki yako. Lakini wewe hukuwa ukipima vitabu. Ulikuwa ukipima mahali pa kujificha, ukapaita imani."

"Walionifanya nimtoe mtoto shuleni sio wakubwa?" nikasema. "Aliyemkosesha mtoto mama yake sio wao?"

"Wana lao, na wataulizwa. Kibendera kile hakikuinuliwa kwao."

Nikajua anachotaka. Mlango wa kibanda ulikuwa mfupi, nikapiga magoti. Mghoi akaniona, uso ukamfunguka, akashusha mkono, akanisogezea ukurasa na kuweka kidole chini ya neno. Nikalitazama lile neno. Herufi zilikuwa zimekaa kama misumari iliyopigwa vibaya, nami nikafungua mdomo, na mdomoni hamkuwa na kitu. Yeye akangoja. Nilisikia viatu vya kitambaa vikija taratibu, na Aibu akainama akanipa ncha ya pazia, bila neno, kama mtu anayempa mwenziwe taulo. Sikusukumwa na mtu. Niliishika ile ncha kwa mkono wangu, nikalivuta pazia mpaka uso wa mwanangu ukafunikwa, na pete za pazia zikalia juu ya fimbo yake, na mlio huo ndio ulioniamsha.

Nilikuwa nimeng'ang'ania kitambaa cha kochi la mchungaji, kimetoka kwenye msumari. Mwaka mzima nilikuwa nimewasomea mashtaka watu wote, na hukumu nilizitoa mwenyewe, kumbe mtoto alikuwa akikaa upande wa pili wa hasira yangu akingoja mtu aingie. Sisemi wakubwa hawana makosa, wanayo. Ila hakuna mkubwa aliyekuja nyumbani kwangu jioni hata moja kunizuia kukaa na binti yangu.

Mghoi alikuwa bado kwenye gunia la sponji. Nikamwambia achukue kile kitabu cha kusoma watu wawili.

"Nikasomee nje, baba?"

"Hapana. Kaa hapa na mimi. Mghoi, miwani... mimi sina miwani. Baba hajui kusoma. Yaani najua kidogo, kwa kudonoa."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Zamani. Mama aliniambia nisikuulize maneno mbele ya watu. Ndiyo maana shuleni sikuwaambia."

Mwalimu alikuwa amemwuliza mara ngapi kwa nini karatasi hazijajazwa, na aliadhibiwa mara ngapi akanyamaza, sikuthubutu kuuliza. Akakaa kando yangu kwenye kochi la watu, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma mstari wake bila kukwama, kisha akasogeza kitabu magotini mwangu. Nikaanza. Neno la kwanza lilinichukua muda mrefu, nikalivunja vipande, nikavikosea, nikavirudia. Mlangoni Dada Mkamburi akapiga hodi, akaingia, akasimama. Mghoi akainua mkono upesi kufunga kitabu, kunisitiri.

Nikauzuia mkono wake. "Karibu, dada," nikasema, "tuko kwenye mstari wangu," nikarudi kwenye lile neno, kwa sauti, toka mwanzo.