Askari Mpya wa Gemu

Nilikuwa nimeshatoka Wamunyu, nikielekea Machakos mjini kutafuta saiba, duka la kompyuta za kukodi, yenye Windows. Maneno ya Ndunda, fundi wetu wa kompyuta, yalikuwa bado masikioni.

"Mzee, gemu imeweka askari, programu ya kukamata wadanganyifu. Akikuta Linux, ule mfumo wa bure niliokuwekea, kwa mashine, anakufungia nje. Na Windows, hii mashine yako kuukuu haiwezi."

"Na vile sijawahi kupiga mtu risasi huko!"

"Ndio maana anakushuku," akacheka.

Kila Jumapili mimi na binti yangu Mwongeli, aliyeenda kazi Doha, tulikuwa tunakutana ndani ya hiyo gemu, kando ya mto. Wengine wanapigana, sisi tunatembea. Kwa simu husema tu yuko sawa. Tukitembea ndio husema ukweli.

Kwenye saiba askari alinipitisha. Nikasimama mtoni nikimngoja. Wachezaji wageni wakaniua, nikarudi, wakaniua tena. Ndipo nikakumbuka: kabla asafiri, nilimwambia Ndunda amwekee Linux kwa mashine yake, kama yangu. Naye amefungiwa nje.

Ndunda bado ni fundi Wamunyu. Mwongeli ameongeza mkataba. Mimi nimehamia Ndithini, nalima. Jumapili tunapigiana simu, na sote tuko sawa.