Nani Kamwaga Maji

Vumbi la kijiji cha Choma halibishi hodi. Linaingia dirishani, linaingia mlangoni, linakaa juu ya kitanda na juu ya picha ya Bikira Maria, na miaka yote ya ndoa yake Mektilda alilifuta, asubuhi akilifuta, jioni akilifuta, kanuna. Katika nyumba ile maji ya kuoshea vyombo walipewa kuku, na ya kuogea ulipewa mpapai. Beseni likigonga chini uani, sauti ya mumewe, Limbu, ilisikika kutoka popote alipokuwa: "Nani kamwaga maji?"

Alikuwa akitania, lakini nusu tu.

Limbu hakuwa mtu wa maneno, alikuwa mtu wa matuta. Kukinga maji ya mvua kwenye jaruba la mpunga hakuna aliyemfikia. Aliupiga udongo kwa kisigino, akausawazisha kwa mgongo wa jembe, kisha akalala kifudifudi, shavu chini, kuangalia kama tuta limenyooka. Watu walimcheka. Mvua ikikatika mapema, majaruba yao yakapasuka nyufa na lake bado linang'aa, waliacha kucheka.

Mwaka huu mvua haikukatika. Pikipiki ya mtendaji wa kijiji ilipita na kipaza sauti: mto Manonga unajaa, watu wa bondeni wajiandae. Wajiandae! Watu wa vumbi wanajiandaaje na maji? Wanajua kuyangoja. Wanajua kuyaomba, kuyakinga, kuyafungia. Kuyaachia yaende zake, nani aliwafundisha?

Basi walifanya walichokijua. Waliinua tuta. Tuta kubwa la Limbu, lililopita kati ya nyumba na mto, kitongoji kizima kililiendea na majembe, wakalipandisha hadi kifuani mwa mtu mzima. Mababu wa Mektilda walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na mizigo ya watu wengine. Yeye alibeba udongo, karai kwa karai, shingo ikimuuma, na aliukanyaga kwa miguu yake mpaka ukawa mgumu. Alijivunia kazi ile.

Mto ulikuja. Ulilipiga tuta, ukalisukuma, ukashindwa. Ngollo, jirani yao, alichinja jogoo.

Lakini mvua iliendelea, na maji ya juu, ya barabarani na malishoni, yakateremka kuelekea mtoni kama yalivyoteremka siku zote, yakakuta njia imefungwa. Yakasimama. Yakajaza majaruba, yakapanda uani, yakagusa kihenge cha nafaka. Mto wenyewe ulikuwa umeanza kushuka upande wa pili. Huku nyuma ya tuta, maji yalipanda tu.

"Likate, Limbu," alisema Ngollo. "Tumejifungia wenyewe."

"Mpunga unatoa masuke. Nikikata sasa, utazolewa wote. Tungoje kidogo."

Mektilda alikuwa amesimama maji magotini, kiroba cha mbegu kichwani. Aliutazama mpunga, kijani kile, na njaa ya mwaka jana ikamrudia. Angeweza kusema kata. Mumewe angemsikiliza, siku zote alimsikiliza.

"Tungoje kidogo," alisema naye.

Wakangoja. Maji hayakungoja. Ukuta wa jiko ulipoanguka, Limbu alichukua jembe.

"Baba Emilian," alisema Mektilda, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ngoja nikutafutie kamba."

"Ya nini? Tuta nimelijenga mwenyewe."

Alipanda juu, pale pale alipozoea kusimama. Akapiga jembe, udongo haukutikisika. Akapiga tena. Walikuwa wameukanyaga vizuri mno. Kisha tuta likaachia lote kwa pamoja, na mtu wake juu yake.

Jioni ile nyua hazikuwa na maji tena, tope tu, na nyumba nyingi zimesimama. Watu walitaka kushukuru, wakamwona Mektilda, wakaacha. Limbu walimkuta mbali, mto unakoteremkia, kwenye matete. Katekista alimsomea sala, wakamzika juu, mbali na bonde. Mpunga haukubaki hata suke.

Sasa ni kiangazi. Tope limekauka, kwato za ng'ombe zimelisaga, limekuwa vumbi. Linaingia dirishani, linaingia mlangoni. Mektilda analijua lilikotoka. Ni udongo ule wa tuta, ule alioubeba kichwani, na halifuti tena. Linakaa juu ya kitanda, upande wa Limbu, naye analiacha likae.

Leo ameosha vyombo, sahani moja na kikombe kimoja, kwa kuwa Emilian yuko shule ya bweni. Kuku wamesogea. Amelinyanyua beseni, akayamwaga maji yote uani, juu ya vumbi, akaliachia beseni ligonge chini.

Vumbi limeyanywa mara moja. Amesimama, anasikiliza. Upepo unapita kwenye mpapai.

"Ni mimi, Baba Emilian," anasema. "Ni mimi."