Gavana Asiyevuka Mto

Nimemwendesha Gavana Delbert Ostrem miaka saba, na katika hiyo saba, sita hatukutoka nje ya jimbo hata hatua moja. Sijisifu. Nimechoka tu. Nimepewa gari la serikali lenye nguvu ya kufika bahari zote mbili, na kazi yangu imekuwa kupita mahindi, kisha soya, kisha mahindi tena, mpaka usingizini naota mahindi.

Chanzo ni fataki. Kwetu fataki kubwa zimepigwa marufuku, na marufuku hiyo aliitia saini yeye mwenyewe. Sasa mwaka wake wa kwanza, sikukuu ya uhuru ya Julai ikikaribia, akaniambia, "Darlene, hebu tuvuke mto mara moja tukachukue chache. Za watu wa kanisani."

Tulikaa ng'ambo, jimbo jingine, saa tatu. Sheria ya jimbo letu ilikuwa inasema gavana akivuka mpaka, naibu wake anakaimu mpaka arudi. Naibu ni Lorna Pickrell, wa chama kingine, kwa sababu wapiga kura wetu hupenda kuona watu wakigombana. Katika saa tatu zile Lorna alitia saini sheria kwamba pai rasmi ya jimbo ni pai ya zabibu kavu.

Huwezi kujua uchungu wake mpaka umjue Delbert. Ni mtoto wa shamba la cheri. Aliuza mbegu, akawa karani wa kaunti, akakaa bungeni pale jimboni miaka kumi na miwili, na kila kampeni mama yake alikuwa nyuma ya meza akigawa pai ya cheri. Ukweli usemwe, watu walikuwa wanampigia kura mama. Na huyu naye anarudi na buti ya gari imejaa fataki, anakuta zabibu kavu ndiyo sheria.

Akaifuta, akaweka cheri, akaapa kutovuka tena, na mtu yule akiapa basi yamekwisha. Mikutano ya magavana hakwenda, akaenda Lorna. Mama mkwe alipofariki ng'ambo, aliimba wimbo mzima kwa simu, beti zote nne, mkewe Joyce kaishikilia simu juu ya jeneza. Binti yake Marit alipohitimu chuo, nacho kiko upande ule wa mto, tuliegesha ukingoni kwetu akatazama kwa darubini.

"Nimemwona," akaniambia, machozi yanamtoka. "Anapendeza na joho."

Hakumwona. Niliichukua darubini nikatazama, alikuwa mama mmoja anauza soseji.

Basi mwaka huu Marit kapata mchumba, Brandt Wojahn, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, wa ng'ambo vilevile. Harusi kwenye banda la nyasi la bibi yake Brandt. Delbert akapendekeza ifanyike darajani, katikati, kwenye mstari wa mpaka, yeye asimame upande wetu. Bibi akajibu kwamba katika miaka themanini na moja hajawahi kula saladi ya viazi huku malori yanampita mgongoni, na hana mpango wa kuanza.

Marit akapiga simu tukiwa garini. "Baba, Jumamosi saa nane mchana. Usipokuja, mjomba Floyd atanishika mkono kunipeleka mbele."

"Floyd anavaa kaptula," Delbert akasema. "Hata Januari anavaa kaptula."

"Najua. Na nishamwambia anaweza kuja nayo."

Akakata. Mimi nilimhurumia Delbert, ingawa nilikuwa nimeapa kutomhurumia tena tangu ile darubini.

Ijumaa akaja na mpango. Angemwalika Lorna harusini. Wote wawili wakiwa nje ya jimbo, madaraka yanamwendea spika wa seneti, mzee wa miaka themanini na minane ambaye Jumamosi huwa analala mpaka Jumapili. Lorna akakubali haraka. Akauliza tu kama kutakuwa na bia.

Jumamosi saa saba unusu tukafika darajani, Lorna nyuma yetu na gari lake. Hatua tatu kabla ya mstari Delbert akanigonga bega. "Simama. Atangulie yeye."

Nikasimama. Lorna naye akasimama, akashuka na viatu vyake vya kisigino. "Vipi, baba wa bibi harusi? Mbona tumeganda?"

"Tangulia, Lorna."

"Mimi mgeni tu. Mwenye harusi hutangulia."

"Tuhesabu mpaka tatu, turuke pamoja."

Wakahesabu. Wakafika tatu, kila mmoja akajifanya anaruka, hakuna aliyeruka. Wakarudia mara nne. Madereva wa malori walikuwa wanapiga honi, mmoja akafungua dirisha akauliza kama ni mchezo wa walevi. Nikamwambia ni serikali.

"Mheshimiwa," nikasema, "saa nane kasoro dakika tano."

"Naona saa, Darlene."

"Unaiona na umesimama. Mwanao anasubiri."

Ndipo tukasikia trekta ikitoka kwenye banda la harusi, ng'ambo tu ya daraja. Marit alikuwa anaiendesha mwenyewe, gauni jeupe kalikunja magotini, miguuni kavaa buti za zizini. Akasimama upande wa pili wa mstari, akazima injini, akamtazama baba yake, akamtazama Lorna. Nilidhani atafoka. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nimekuja kukwambia usijisumbue, Baba," akasema. "Floyd keshavaa. Kavaa suruali. Kaenda kuinunua."

Uso wa Delbert ulibadilika pale pale. Sidhani kama maneno mengine yoyote yangemfikia, lakini kwamba Floyd kaingia dukani kununua suruali kwa ajili ya Marit, hilo lilimfika. Akachomoa kalamu yake ya kutilia saini mfukoni, akamkabidhi Lorna.

"Shika. Tia saini unalotaka. Futa cheri, futa na mimi."

Akavuka. Hakuangalia hata chini. Akapanda nyuma ya trekta na suti yake, kamshika Marit mabegani kwa mikono miwili, wakaondoka na matope yakiwarukia.

Lorna alibaki kaishika kalamu. Sikuona furaha usoni mwake. "Basi kazi kwako, kaimu gavana," nikamwambia, na sikusema kwa adabu.

"Mimi si kaimu wa chochote," akasema. "Sheria ile haipo, Darlene. Ilifutwa miaka mitano iliyopita."

"Nani kaifuta?"

"Yeye. Ilikuwa kwenye muswada wa mifereji ya maji, ukurasa wa mia mbili na kumi. Delbert hasomi kurasa za nyuma."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nimekwenda Hawaii mara nne kwa niaba yake." Akavua viatu, akaketi kwenye bampa. "Nilidhani ni mchezo. Hayo ya mahafali sikuyajua wakati ule, na leo nilitaka tu kuona atakaa hapa muda gani. Nenda kamwambie. Ni haki yake."

Nilitaka kumtupa mtoni, na mafunzo ya polisi ya kufanya hivyo ninayo. Lakini nilikuwa na harusi ya kuwahi.

Nilifika Marit akiwa anaingia, baba yake mkono wa kulia, Floyd na suruali yake ya bei ghali mkono wa kushoto, kwa sababu Marit alikataa kumnyima yeyote. Delbert alilia tangu mlangoni mpaka mbele. Mimi nilisimama karibu na ng'ombe na sentensi yangu mdomoni, nikisubiri nafasi ya kumwambia kwamba miaka mitano yote ilikuwa bure: jeneza, darubini, yote.

Baadaye, muziki wa polka umeshaanza na watu wanacheza, Marit akanifuata na glasi ya bia.

"Darlene, wewe huwezi kunidanganya. Watu wanasema sasa hivi Lorna ndiye gavana. Ni kweli? Baba kauacha ugavana kwa ajili yangu?"

Nina miaka ishirini na sita kwenye polisi ya jimbo, na sijawahi kuandika uongo kwenye ripoti hata mmoja. Nikamtazama Delbert, suti imejaa tope, anamkanyaga bibi yake Brandt vidole huku anaomba radhi.

"Kweli," nikasema. "Hapa alipo, baba yako si gavana wa kitu chochote."

Marit akaweka glasi kwenye mzigo wa nyasi, akajifuta macho, akaenda kumnyang'anya yule bibi baba yake.